Naombeni ushauri: mtoto wa miaka 9 hana mchezo kabisa

Baba_Shangani: Wakuu habari za jioni. Nina kijana wa miaka 9, tupo Shangani hapa Mtwara. Akitoka shule mpira hataki, kombolela hataki, kazi kukaa barazani tu. Tukapelekwa kwa mtu wa tiba kazi, nikategemea dawa au mazoezi, yeye anamtandazia mapicha anamuuliza unapenda nini, unafanya na nani, nusu saa nzima! Jana nimemkuta peke yake chini ya mkorosho na mabibo kwenye kofia, roho imeniuma. Niendelee kumpeleka au nimpeleke bodingi Masasi akachangamke?

Dogo_Chikongola: Tiba kazi? Mpe jembe apone 😂

Mama_Mwanahawa: Simu hizo. Mie wangu nilimnyang'anya, wiki ya pili yuko barabarani na tairi, sasa kurudi ndani ndo hataki, juzi kapasua kioo cha jirani nimelipa elfu 25 na jirani mwenyewe hata salamu haitikii tena.

Tiba_Kusini: Hiyo ndo fani yangu, nimesomea KCMC Moshi. "Kazi" pale ni chochote kinachojaza siku ya mtu, na kwa mtoto kucheza kumo. Picha sio utani, kuna seti ya kutoka Kanada ina shughuli 55, mtoto mwenyewe anaonyesha anachofanya na anachokifurahia, maana mzazi ukimjibia utasema mpira. Tukishajua tunaangalia kinamkwamisha nini, tunabadili kifaa au namna ya kufanya. Ila baba, mlipelekwa pale kwa tatizo gani?

Baba_Shangani: Mkono wa kulia umekaza toka azaliwe. Sikuona kama una uhusiano.

Tiba_Kusini: Duh. Na alichagua nini?

Baba_Shangani: Kusuka ukili na bibi yake. Mtoto wa kiume jamani! Mtaalamu badala ya kumkanya akamwelekeza mama, miyaa iwe mipana, aanze na minne tu, ncha aibane na kidole gumba cha mguu ili ule mkono uwe wa kushikilia. Ikawa kila jioni wanasuka na kucheka. Nikaichukua miyaa nikaiweka darini, sijaitupa. Na bodingi nusu ada nishalipa kwa hiyo msinishambulie.

Mama_Mwanahawa: Yaani mchezo wa mtoto umeuficha darini halafu unatuuliza mbona hana mchezo??

Mzee_Mikindani: Marehemu babu yangu kasuka madema mpaka anaingia kaburini, wake watatu. Hakuna aliyemwita mwanamke.

Mpita_Njia: Subirini kwanza. Mabibo JANA? Huu mwezi wa 4! Mabibo ya kujaza kofia yametoka wapi na msimu uliisha zamani? Huyu yupo Tandika anatutungia.

Dogo_Chikongola: Chai hiyo 😂😂 na mie nishaanza kumhurumia dogo

Baba_Shangani: Sio chai. Nilikosea kuandika jana, ilikuwa mwezi wa 11, ndo siku niliyochukua ile miyaa. Toka hapo hajashika kitu.

Mpita_Njia: Chai imeongezwa sukari.

Mzee_Mikindani: Chai au uji, miyaa iliyokaa darini toka mwezi wa 11 imeshakuwa kuni. Ukimpa hivyo hivyo itamkatikia mkononi. Ilainishe na maji kwanza.

Baba_Shangani: Kuloweka au kunyunyizia tu mzee?