Mama anachomwa mionzi ya saratani ya utumbo mpana, anaharisha sana. Tumpumzishe kidogo?

Kulwa wa Kahama: Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 61, ana saratani ya utumbo mpana. Kapangiwa mionzi mara 28, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na vidonge vya saratani vya kapesitabini, kisha upasuaji. Sasa anaharisha mara saba kwa siku, ngozi ya makalio imebabuka, kukaa hawezi. Akipumzishwa wiki mbili apate nguvu kuna madhara? Usingizi sipati.

Mama Tunu: Pole sana mwanangu. Tuanze na ngozi. Aoge maji ya uvuguvugu, asisuguliwe, akaushwe kwa kugusagusa na kitambaa laini cha pamba. Dettol, spiriti na poda msitumie kabisa. Akiwa ndani ajifunge kanga tu, chupi ya kubana inachubua mikunjo ya mapaja. Akikojoa mkojo ukamchoma, ajimwagie maji ya uvuguvugu hapo hapo anapokojoa. Palipopasuka na kutoa majimaji msipake krimu, panahitaji kufungwa na nesi.

Saleh Msosi: Kwenye chakula, apate wali laini, mtori, ndizi mbivu, kuku asiye na ngozi. Maharage, kabichi, pilipili, maziwa freshi na vya kukaanga visubiri. ORS pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo kila baada ya choo.

Nyangeta: Swali la mwenye uzi bado halijajibiwa. Kulwa, amefikia mara ya ngapi, na leo hii mama yuko wapi?

Kulwa wa Kahama: Amefikia ya 16. Kusema ukweli yuko hapa nyumbani, tulimpandisha basi toka Dar Jumatano iliyopita. Alikuwa analia kila asubuhi ya kwenda kwenye mashine. Msitulaumu, nyie hamkuwepo. Akipata nguvu atamalizia hospitali ya Bugando, Mwanza ni karibu na kwetu.

Mzee Kanuni: Kumwondoa mgonjwa bila kumuaga daktari si haki kwa mama yenu. Huruma isiyouliza inaua. Kikao cha ukoo kikae leo.

Nyangeta: Mzee, kikao kitatuchelewesha. Kulwa, mionzi inagawanywa vidozi vidogo kwa sababu maalum: seli nzima zinajikarabati kati ya dozi moja na nyingine, za saratani haziwezi vizuri. Mkikatiza, zilizobaki zinazaliana upya na dozi aliyokwisha kupata inapungua nguvu. Siku chache zinafidika, daktari anaweza kuongeza Jumamosi, au mara mbili kwa siku zikiachana angalau saa sita. Kadiri mnavyokawia ndivyo inavyokuwa ngumu. Na Bugando mionzi ipo, ila hawaanzii 17 tu. Wanahitaji mpango wote kutoka Dar, na huenda wakarudia picha ya CT ya kupangia mionzi na kumchora alama upya.

Mdadisi: Mimi uzi huu unanitia shaka. Saratani ya utumbo mpana kwa kawaida hukatwa, mionzi ni nadra sana. Mtu kaokota maneno mtandaoni, anatuchezea.

Kulwa wa Kahama: Ndugu, siwezi kumtungia mama yangu ugonjwa. Ripoti iko mkononi: uvimbe uko sentimita 6 kutoka tundu la haja kubwa.

Nyangeta: Mdadisi, hoja yako ina msingi. Utumbo wa juu unacheza tumboni na umezungukwa na utumbo mwembamba, ndiyo maana mionzi haipelekwi huko ovyo. Sentimita 6 ni puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Puru imetulia ndani ya nyonga, na mionzi kabla ya upasuaji ndiyo njia ya kawaida, 28 zikiwa grei 1.8 kila moja (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Hadithi inakaa sawa. Kulwa, kule Dar alikuwa anaingia kwenye mashine kibofu kikiwa kimejaa? Kibofu kilichojaa kinausukuma utumbo mwembamba juu, nje ya njia ya mionzi. Kikiwa kitupu, kuharisha kunazidi. Na sasa hivi anakunywa nini?

Kulwa wa Kahama: Mara nyingi alikojoa kwanza, aliogopa kujikojolea. Vidonge anaendelea navyo asubuhi na jioni, tulivinunua kwa shida. Na shubiri kikombe kimoja, tumeambiwa inasafisha sumu ya mionzi.

Nyangeta: Simamisha vyote viwili sasa hivi. Utomvu wa njano wa shubiri ni dawa ya kuharisha, mnamharisha wenyewe. Kapesitabini nayo inaharisha, na kwa choo mara saba haiendelei mpaka daktari aseme. Na hakuna sumu ya kusafisha: mashine ikizimwa, mionzi haibaki mwilini. Ana homa? Mkojo unatoka?

Kulwa wa Kahama: Homa hatujapima. Mkojo tangu asubuhi mara moja, wa rangi ya chai.

Mama Tunu: Huo ni upungufu wa maji. Usisubiri kupambazuke, mpeleke hospitali iliyo karibu apate dripu. Beba ripoti, kadi ya mionzi na boksi la vidonge, useme wazi ni vya saratani. Joto likifika 38 waambie mlangoni, mgonjwa wa saratani mwenye homa hupimwa damu kwanza. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, wampe wao, msimpe nyumbani kabla hajaonwa.

Nyangeta: Ukiwa njiani piga simu kitengo cha mionzi Dar. Sema: amesimama baada ya ya 16, tangu Jumatano, anaharisha mara saba. Wakuambie arudi lini. Hawatakugombeza.

Kulwa wa Kahama: Bajaji imefika. Boksi la vidonge ninalo. Ripoti dada anaitafuta.