Nyumba imeungua: nianze kuezeka au kupiga plasta? Naombeni ushauri

Mleta mada: Wakuu, nyumba yangu imeungua. Tunashukuru Mungu tulitoka wote wazima. Paa limeteketea, kuta zimesimama. Tumehifadhiwa kwa shemeji, na nataka turudi kwetu haraka. Nianze kuezeka, au nipige plasta kwanza masizi yasionekane?

Kozi ya Kwanza: Ezeka. Kuta zisizo na paa zikinyeshewa utalia mara mbili.

Mama Wawili: Pole sana kaka. Kwetu liliungua jiko tu. Tukapaka rangi juu ya masizi, madoa yakarudi yote, na harufu ya moshi ikabaki. Ikabidi tukwangue na kuosha ukuta upya. Mawifi nao hawakukosa la kusema, ila hiyo ni mada nyingine.

Mzee wa Nyundo: Linta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, ina rangi gani? Zege likipata moto wa kuanzia nyuzi 300 hivi, mara nyingi hugeuka kuwa la waridi, na hapo nguvu imeshaanza kupungua. Gonga kwa nyundo. Likilia kama debe tupu, ndani limeachana. Umekagua vyumba vyote?

Mleta mada: Vya mbele viko vizuri.

Mzee wa Nyundo: Na vya nyuma?

Mtumishi: Ndugu, mali hupita. Mrudie Muumba kwanza.

Mleta mada: Amina. Cha nyuma sijaingia, nimechungulia dirishani tu. Moto ulianzia humo. Juu yake kuna slabu ya tenki la maji. Imebonyea katikati na nondo ziko nje. Ila mabati nimeshanunua, na fundi ameshachukua advansi. Anasema plasta itaziba. Amejenga nyumba nyingi, siyo mtu wa kubahatisha.

Kijiti: Hii chai. Nani ananunua mabati kabla hajaingia vyumba vyake mwenyewe?

Sina Haraka: Na picha hana. Tuendelee na mengine.

Mama Wawili: Siyo chai. Mimi mlango wa jiko niliukwepa mpaka mume wangu akaufungua. Nilijua nikiona ndani nitaambiwa gharama, na sikuwa nazo.

Mleta mada: Sina sababu ya kudanganya. Kile ni chumba cha mama yangu. Kila siku ananiuliza kimebaki nini, namjibu bado sijaangalia.

Mzee wa Nyundo: Usiingie chini ya slabu hiyo, na fundi asiingie. Tenki kama lipo bado, lina maji? Umeme ukatwe kabisa, aje injinia, waweke kwanza mirunda ya kuishikilia slabu. Akague kila ukuta na aandike kila kilichoharibika. Mabati hayaozi, yatasubiri.

Mleta mada: Basi injinia aangalie slabu, huku mbele fundi aendelee kuezeka.

Mzee wa Nyundo: Hapana. Paa lote linakaa juu ya linta moja inayozunguka nyumba nzima, na linta hiyo imepita juu ya chumba kilichoungua. Mbele hapawezi kuwa pazima mpaka nyuma pajulikane.