Bendisoo ya zamani ya inchi 24 kwa banda la nyumbani Mikindani, nichukue au niachane nayo?

Seremala_Mikindani
Wakuu habari za humu. Niko Mikindani, nafanya useremala nyumbani, banda futi 16 kwa 20 sakafu ya zege. Nna randa ya umeme na msumeno wa mezani, kazi zangu milango, vitanda na makabati ya mninga na mkongo, halafu kuna wachongaji wa vinyago wananiletea mpingo niwakatie vipande. Shida yangu ni kupasua. Mbao ya inchi 6 msumeno wa mezani haufiki, napasua upande huu naigeuza napasua na ule, na kila mpasuo bledi inakula milimita tatu, mninga wenyewe bei yake mnaijua, yani nusu ya hela naizoa na fagio.

Sasa hela ya mnada wa korosho imeingia juzi (shamba la marehemu baba, Tandahimba) na kabla wajomba hawajaanza kupiga simu nataka niigeuze iwe chuma. Kuna jamaa Mtwara mjini anauza bendisoo ya zamani, ule msumeno wa mkanda mrefu, magurudumu ya inchi 24, nzito balaa, kibao cha jina kimeng'oka, mota ya HP 5 fezi tatu, anataka milioni tatu na nusu. Kwa hela hiyohiyo naambiwa naagiza mpya ya inchi 14 Dar na chenji inabaki. Home nna LUKU ya njia moja tu (fezi moja). Mnanishauri nini?

MzeeWaRanda
Kijana, hapo Lindi nimekaa na bendisoo ya inchi 30 miaka mingi kwa hiyo nitaongea kwa kirefu kidogo univumilie. Inchi zinazotajwa ni kipenyo cha gurudumu, si urefu wa mbao inayopita. Ya inchi 14 nyingi zinapitisha kimo cha inchi 6 tu mpaka uiongezee kipande cha nguzo, na fremu yake haiwezi kuvuta bledi pana ikakaza sawasawa, ukisukuma mbao ngumu bledi inapinda tumbo katikati na mbao inatoka kama ngalawa. Gurudumu kubwa linakubali bledi nene. Hesabu tuliyofundishwa ni unene wa bledi usizidi moja ya elfu ya kipenyo, kwa hiyo inchi 24, ambayo ni milimita 610, unaweka bledi ya 0.6 bila wasiwasi, lakini ukiiweka hiyo kwenye gurudumu dogo inakunjwa mno kila mzunguko, inachoka, nyufa zinaanzia kwenye mashimo katikati ya meno na siku moja inakatika unasikia paaa.

Usimpe hela kabla hujaenda na nyundo ya mti. Toa bledi, gonga kila mkono wa gurudumu, chuma kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinajibu buu. Kikijibu buu ondoka, usinywe hata soda yake. Ukimaliza hapo shika gurudumu juu na chini ulitikise, likicheza beringi zimekwisha, hizo si ugonjwa, zinabadilishwa. Raba ya juu ya gurudumu iwe na mgongo kidogo katikati, ikiwa bapa bledi inatangatanga, nayo inabandikwa mpya. Halafu weka rula ndefu iliyonyooka uone gurudumu la juu na la chini yako mstari mmoja. Akiiwasha simamisha sarafu ya mia mbili kwenye meza kwa ukingo wake. Mashine iliyotulia haiangushi.

Kama ni Wadkin au Robinson za Uingereza chuma chake kitakuzika wewe.

FundiUmeme_Masasi
Kaka hoja ya umeme isikutishe ila usikurupuke. Fungua kiboksi cha mota uangalie, ukikuta ncha sita na kibao kimeandika 230/400 basi invata ya mota (kifaa cha kugeuza umeme) inaweza kuipa mota fezi tatu kutoka njia moja, nyaya zinatolewa kwenye nyota zinafungwa delta. Ila HP 5 kwa njia moja itavuta ampea karibu 30 ikibanwa, jirani ataona taa zake zinasinzia. Mi ningekushauri mota ya njia moja ya HP 3 yenye kapasita mbili, inatembelea ampea 14 au 15 hivi, vuta waya wa milimita 4 moja kwa moja toka mein swichi, usiungie kwenye soketi ya jikoni nakuomba. HP 3 inatosha ukiwa na subira, HP 5 ni ya mtu anayepasua kutwa.

Mota iwe ya mizunguko 1440 kama ya zamani ili puli zisibadilike. Gurudumu lako likizunguka mara 700 kwa dakika bledi inakimbia mita 1340 hivi, hiyo ndo spidi ya mbao. Na wakikuuzia mota ya mtumba ya Marekani soma kibao, zile za hezi 60 ukizileta kwenye hezi 50 yetu zinazunguka pole kwa sehemu moja ya sita na zinachemka.

KaribuRuangwa
Mi napinga kidogo. Mnamsifia chuma kikubwa, bledi zake atapata wapi? Mtwara hapa ukiulizia bledi ya mita nne wanakutazama kama umeuliza bei ya meli. Mpya ya inchi 14 inakuja na saizi inayopatikana. Halafu mpingo jamani. Nilikuwa nakata kipande cha mpingo cha mviringo, nimekishika kwa mkono hivihivi, bledi ikakinyakua kikazunguka, bledi ikakunjika kama utepe wa sikukuu na kidole changu kilibaki kwa rehma tu. Tangu siku ile kitu cha mviringo nakilaza kwenye kitako cha V nimekibana na skrubu ndo kinaenda kwenye meno. Na vumbi la mpingo linawasha ngozi, vaa barakoa na mikono mirefu, ukianza kuvimba macho usiseme ni malaria.

MzeeWaRanda
Bledi hazinunuliwi moja moja ndugu yangu wa Ruangwa. Anaagiza roli ya mita 30 Gerezani, Dar, upana robo tatu inchi, meno 3 kwa inchi kwa kupasua. Urefu anajipimia, kipenyo cha gurudumu mara 3.14, jumlisha mara mbili ya umbali toka ekseli hadi ekseli. Kwa 610 na umbali wa 1100 inakuja mita 4 na sentimita 12 hivi, roli moja inatoa bledi saba. Ncha unazisaga mshazari, unazilaza moja juu ya nyingine, unalehemu kwa madini ya fedha na fulaksi (dawa ya kulehemu), unapiga tupa mpaka maungio yawe unene uleule. Usiende kwa mtu wa kuchomelea mageti. Ila kwenye mpingo hapo sikubishii, mpingo unamaliza meno asubuhi moja, wachongaji wawe na bledi yao peke yake na wailipie.

Jioni legeza bledi. Na wewe uko Mikindani, bahari mlangoni, meza ipake mafuta kila siku la sivyo wiki moja tu ishakuwa rangi ya matofali.

Seremala_Mikindani
Nimerudi wakuu, nilienda jana na nyundo ya mti kama mzee alivyosema, muuzaji akaniuliza nimekuja kununua mashine au kupiga ngoma. Mikono yote ya magurudumu inalia kengele. Gurudumu la chini linacheza, beringi zimekufa, raba ya juu imelika bapa. Sarafu ilianguka mara ya kwanza, mara ya pili ikasimama kama sekunde nne hivi. Nikamwonyesha beringi, akashuka hadi milioni mbili na laki nane, mota ya fezi tatu anabaki nayo mwenyewe, maana ncha zilikuwa tatu tu na kibao hakisomeki. Nimetoa advansi. Sasa naisafirishaje? Ni kilomita 10 tu lakini inakaribia kilo 400.

FundiUmeme_Masasi
Hongera kaka. Ilazwe kwa mgongo wa nguzo yake juu ya matairi, kamba zisipite kwenye meza hata kidogo, meza ikibeba uzito unaharibu kila kitu. Vijana sita na bomba za kuviringishia. Mlango wa banda umeupima?

Seremala_Mikindani
Ndo natoka kuupima sasa hivi. Mlango sentimita 82. Mashine bila meza 96. Mke wangu kaniona nimesimama na futi mkononi naangalia ukuta na kaniuliza swali moja tu, tofali ngapi.