Gumzo la ukoo: Zuhura kwenye lori la kampeni

*Shangazi Likoni:* Asalaam aleikum nyote. Kwenye hii picha, huyu aliyeshika kipaza sauti juu ya lori si Zuhura wetu?

*Mama Zuhura:* Wa aleikum salaam wifi. Ndiye. Nami ndiyo kwanza naiona.

*Ami:* Zuhura, uko hapo? Hebu tueleze.

*Zuhura:* Shikamooni. Ni mimi. Tuko wanafunzi wa vyuo kadhaa, tunampigia kampeni mgombea wa urais tuliyemchagua wenyewe. Hatulipwi. Fulana nimeinunua.

*Mjomba Kisauni:* Siasa ina wenyewe, mwanangu. Maliza digrii kwanza.

*Zuhura:* Mjomba, kwa heshima zote, Kifungu cha 38 cha Katiba ya Kenya kinampa kila raia haki ya kupigia chama kampeni. Hakikusema asubiri digrii.

*Shangazi Likoni:* Haki sikatai. Mimi naogopa risasi. Juni 25, 2024 watoto wa watu walitoka asubuhi na bendera kuandamana, wengine hawakurudi makwao. Ukitoka nje nitalala vipi?

*Zuhura:* Najua Shangazi. Sitaki kukudanganya kwamba hakuna hatari.

*Ami:* Mimi nataka kusema la pesa. 1992 nilikuwa kijana kama wewe. Palikuwa na Youth for KANU '92, kikundi cha kumpigia kampeni Rais Moi na chama chake KANU, mwenyekiti Cyrus Jirongo. William Ruto, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Nairobi 1990, alikuwa humo. Pesa zilimwagwa mpaka noti ya 500 watu wakaiita "Jirongo". Moi akashinda Desemba ile kwa thuluthi na ushee tu ya kura, upinzani umegawanyika. 1993 bei zikapaa na mwananchi ndiye aliyelipa. Viongozi wa kile kikundi walipanda, mmoja sasa yuko Ikulu. Vijana waliojaza mikutano walirudi mitaani mikono mitupu. Kwa hivyo nakuuliza: wewe uko kwenye lori kufanya nini?

*Mama Zuhura:* Swali zuri hilo.

*Zuhura:* Ami, lori ni la siku moja moja. Kazi yenyewe ni kuandikisha wapiga kura na kufundisha mawakala. 2022 vijana walikuwa chini ya asilimia 40 ya waliojiandikisha, na idadi yao ilishuka kulinganisha na 2017. Komredi wa chuo anapiga kelele mtandaoni na kura hana! Inaniuma sana.

*Mjomba Kisauni:* Mawakala wa nini tena?

*Zuhura:* Kura za urais zinahesabiwa palepale kituoni, Mjomba. Msimamizi anajaza Fomu 34A, mawakala wanatia sahihi, nakala inabandikwa mlangoni. 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya IEBC, ile tume ya uchaguzi, yeyote akaweza kujumlisha mwenyewe. Wakala asiyekagua tarakimu anatia sahihi tu na kwenda zake. Wanafunzi wa hesabu na uhasibu tunao tele, kwa nini tuwaache wawe wa kushangilia?

*Ami:* Hapo nimekuelewa.

*Mjomba Kisauni:* Na wale waliojiandikisha chuoni? Siku ya uchaguzi, Agosti 10, 2027, chuo kikiwa kimefungwa, watapigia wapi?

*Zuhura:* Ndilo tunalolisema kila bweni. Unapiga kura ulikojiandikisha, basi. Kama utakuwa nyumbani, hamisha kura mapema, kabla daftari la wapiga kura halijafungwa. Mimi nimejiandikisha Kisauni.

*Shangazi Likoni:* Wanasiasa wakiwaletea bahasha je?

*Zuhura:* Tumekataa, Shangazi. Hongo ya kura ni kosa kwa mtoaji na mpokeaji.

*Mama Zuhura:* Haya sikiliza. Sikukatazi. Lakini ukienda mkutanoni niambie ni wapi na unarudi na nani. Wiki ya mtihani hakuna lori. Pakianza vurugu unaondoka, hungoji mtu.

*Zuhura:* Sawa Mama. Nimekubali yote.

*Kaka Ali:* Zuhu, kitambulisho changu kimetoka. Niende wapi?

*Zuhura:* Ofisi ya IEBC ya eneobunge, siku za kazi. Beba kitambulisho chenyewe, si picha ya simu. Jumatatu sina darasa asubuhi, twende pamoja.

*Mjomba Kisauni:* Mpitieni na Bibi, yeye ahamishe kura yake kutoka Lamu.