Neno "cap" limewahi kukuletea utata gani? Tupeane uzoefu

Mtafsiri_Wenu: Wakuu, leo nimesoma tafsiri ya habari ya mpira, eti Kristine Lilly wa Marekani "ana kofia 354". Asiyejua ataona kabati limejaa kofia! Hizo ni mechi alizoichezea timu ya taifa, na hakuna aliyefikisha idadi hiyo. Neno hili linanikera sana. Kwenu limeleta utata gani?

Kipa_Mstaafu: Kofia zilikuwepo kweli, mkuu. Waingereza walianza mwaka 1886 kuwapa wachezaji wa timu ya taifa kofia halisi. Tafsiri ni mbaya, lakini asili yake si upuuzi.

MamaWawili: Nakazia. Wanangu kila sentensi "no cap", baba yao akadhani wanasema herufi kubwa. Kumbe wanaapa hawadanganyi.

Mwanagereji: Hayo mepesi. Nikiwa najifunza ufundi, gari liliingia limechemka, mvuke unatoka kwenye boneti. Mwenzangu kainamia injini na kapelo kichwani, feni inazunguka. Fundi mkuu akapaza sauti kutoka mbali: "Toa cap!" Alimaanisha kapelo, isije ikanaswa na feni. Mwenzangu akashika mfuniko wa rejeta, akauzungusha.

Jamani. Ule mfuniko ndio unaoshikilia presha. Maji mle ndani yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua tu yanafumka, mvuke na maji moto kwa pamoja. Yalimpata mkono na shingo. Uso ulinusurika kwa kuwa alikuwa amegeuka kumtazama fundi. Fundi mtu mzima analia, anarudia "nilisema kofia, nilisema kofia". Tangu siku ile neno hilo likapigwa marufuku pale gereji. Kofia ni kofia, mfuniko ni mfuniko.

Kipa_Mstaafu: Daah. Alipona?

Mwanagereji: Alipona, makovu yapo. Sasa ana gereji yake.

Babu_Kijana: Wangempaka dawa ya meno palepale, asingebaki na kovu.

Nesi_wa_Zamu: Babu, tafadhali usimfundishe mtu hivyo. Aliyeungua awekwe kwenye maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, wala si barafu. Avuliwe pete na saa kabla hajavimba. Kisha hospitali.

Babu_Kijana: Sisi tulipakwa ute wa yai na tupo hai.

Nesi_wa_Zamu: Mpo hai, ndiyo. Ila nimesafisha vidonda vilivyopakwa ute wa yai, na mgonjwa anaumia mara mbili. Maji kwanza, babu yangu.

Dereva_Usiku: Mimi nafunika kwa tambara nene, nafungua taratibu. Haijawahi kuniletea shida.

Mwanagereji: Ndugu, tambara si kinga, likilowa maji moto linakugandia mkononi. Zima injini, subiri mpaka bomba la juu la rejeta lishikike kwa mkono.

Mtafsiri_Wenu: Poleni wote. Turudi kwenye mada basi, kuna wengine?

Ramani_Mkononi: Jiografia nako vurugu. "Ice cap" ni barafu iliyofunika nchi isiyozidi kilomita za mraba 50,000. Antaktika na Greenland zimepita mbali mno, zina jina lao, lakini magazeti yanaziita hivyohivyo.

MamaWawili: Hata vifurushi vya intaneti. Unauziwa "bila kikomo", ndani mna "cap" imeandikwa kwa herufi ndogo kabisa. Dada yangu kasi ilimshuka katikati ya usaili wa kazi.

Dereva_Usiku: Kazi aliipata?

MamaWawili: Walimpigia simu ya kawaida wakamalizia. Anaanza Jumatatu.