Nozo kubwa kwa Canter ya kilomita 640,000: nifunge au niache?

Mbeba Viazi
Wadau, habari zenu. Nina lori dogo la Mitsubishi Canter lenye injini ya 4D33, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo. Imetembea kilomita 640,000 na bado nabebea viazi kutoka Molo hadi soko la Marikiti, Nairobi, mara tatu kwa wiki. Tangu Juni imechoka. Mlima wa Kinungi niliokuwa nikiupanda na gia ya tatu, sasa nautambaa na ya pili, moshi mweusi nyuma mpaka wenye magari madogo wananipigia honi. Asubuhi haishiki upesi. Ikishika inatoa moshi mweupe unaochoma macho, na inatetemeka kama dakika mbili ndipo itulie.

Fundi mmoja wa Grogan amesema injekta, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zimekufa, na kwa kuwa zitafunguliwa, anifungie nozo (midomo ya injekta) za matundu makubwa ili gari ipate nguvu. Anataka Sh32,000 kwa zote nne. Gari hii ndiyo inayosomesha watoto wangu, sitaki kukosea. Nimpe?

FundiPampu_Kariobangi
Usimpe bado, ndugu yangu. Kwenye 4D33 anayepima mafuta ni pampu. Nozo kazi yake ni kuyapuliza yatoke kama ukungu, basi. Ukipanua matundu bila kugusa pampu, kipimo cha mafuta kinabaki karibu kilekile ila yanatoka kwa matone mazito, hayachomeki vizuri, na moshi unaongezeka. Na akigusa pampu, hewa ya kuchoma hayo mafuta ya ziada utaitoa wapi, na turbo huna? Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na ukifika Kinungi hewa ni nyepesi zaidi.

Moshi mweupe wa asubuhi ni dizeli isiyochomeka. Ama nozo inadondosha, ama kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, imeshuka. Fanya hivi: injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, legeza nati ya paipu ya injekta moja, sikiliza, kaza, nenda ya pili. Ukilegeza ya silinda isiyo na shida, injini inabadilika sauti papo hapo. Ile ambayo ukilegeza hakuna kinachobadilika, hapo ndipo pana ugonjwa. Halafu chomoa kijiti cha oili, unuse.

Mama FRR
Ongeza na hili, wenye malori ya Isuzu FRR mapya ya komoni reli (injekta zote zinalishwa na paipu moja yenye presha kubwa) msijaribu hiyo ya kulegeza nati. Presha ya mle inapita bar 1,500, dizeli inapenya ngozi kama sindano ya daktari na unaweza kukatwa mkono.

Kaka, mimi nilishawishiwa hivyohivyo kwenye lori langu la kwanza. Nozo kubwa, pampu ikaongezwa, wiki mbili nikafurahi kweli, milima ikaisha. Mwezi wa nne likazima likiwa na mzigo wa simiti. Tulipofungua injini, kichwa cha pistoni ya pili kilikuwa kimeyeyuka kama mshumaa, kidole changu kilipita kwenye tundu. Joto la mafuta ya ziada lilikuwa limeila polepole. Sikusahau mpaka leo, kwa sababu nilikaa miezi mitatu bila kazi.

Taniboi wa Zamani
Mkubwa, dizeli unaweka wapi? Kama ni ya mitungi ya kando ya barabara, hata nozo mpya hazitadumu. Serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu yalikuwa yakichanganywa na dizeli. Mafuta ya taa ni makavu, na pampu na nozo hulainishwa na dizeli yenyewe, hazina kingine. Badilisha filta ya dizeli na ya hewa kabla ya kumlaumu mtu. Filta ya hewa iliyojaa vumbi la Molo peke yake inatosha kutoa moshi mweusi mlimani.

Mbeba Viazi
Nimerudi, na nawashukuru kutoka moyoni. Nimelegeza nati moja moja: ya 1, 2 na 4 injini ilitaka kuzima, ya 3 haikujali kabisa. Kijiti cha oili kimepanda juu ya alama na kinanuka dizeli. Sikuwahi kufikiria kunusa. Kompresheni imepimwa leo, silinda ya 1 hadi ya 4: bar 25, 25, 22, 25. Filta ya hewa ilikuwa nyeusi tititi. Dizeli naiweka stesheni, lakini mwaka jana nilikuwa nikinunua ya mitungi pale Salgaa.

FundiPampu_Kariobangi
Basi umepona mapema. Injini yako bado ina nguvu. Nozo ya 3 inadondosha, dizeli inaosha oili kwenye ukuta wa silinda na kushuka chini, ndiyo maana kompresheni yake imeanza kulegea. Usiiwashe tena mpaka oili hiyo imwagwe, kwa sababu oili iliyochanganyika na dizeli inaua bearingi za kranki.

Nunua nozo nne za saizi ileile ya kiwanda. Peleka injekta zote kwenye mashine ya majaribio, na usimame hapo uone kwa macho yako: kila moja ipulize ukungu sawa, ikate bila kubakiza tone mdomoni. Usikinge mkono. Wakati wa kurudisha, weka wosha mpya za shaba na umulike tochi kwenye kila tundu, maana wosha ya zamani hubaki imeganda chini, mtu akapachika mpya juu yake, na injekta ikakaa juu kuliko inavyotakiwa. Pima kompresheni ya 3 tena baada ya kilomita 1,000.

Mbeba Viazi
Imesimama. Viazi vya Jumatatu jirani atanibebea. Nitapiga picha ya hizo nozo zikiwa kwenye mashine niwawekee hapa.