Niling'oa akayukiyuki, nipande nini ili pasheni zangu zizae tena?

Mkulima wa Mukono: Habari zenu, ndugu zangu. Nina kiwanja cha futi 50 kwa 100. Mwaka jana niling'oa ua wote wa akayukiyuki (kichaka cha lantana), kwa kuwa mbuzi wa jirani aliugua baada ya kuula, na mahali pake nikapanda bogenvilia na majani ya pasipalamu. Panapendeza, sikatai. Lakini pasheni zangu za manjano, ambazo zilikuwa zikizaa vizuri, sasa huchanua na maua kudondoka bila kushika tunda, na wale ndege chozi wa asubuhi hawaonekani. Nataka kupanda mimea ya asili ya hapa kwetu Uganda mvua za Septemba zikianza. Nianze na ipi?

Mama Nakato: Pole, ndugu. Akayukiyuki ulistahili kung'olewa, ila si wote kwa mara moja. Jina lake lenyewe limetokana na enjuki, yaani nyuki kwa Kiganda, na ingawa asili yake ni Amerika na huharibu malisho, wadudu wako walikuwa wakiutegemea. Anza na mululuza, kile kichaka cha majani machungu, ambao huota kwa kuchomeka kipande cha tawi ardhini. Usipoupogoa kila mara, hutoa maua madogo meupe yanayojaa nyuki. Karibu na jiko weka mujaja, huu huu tunaotia kwenye chai. Mimi nusu ya mashina siyachumi, nayaacha yachanue, na hapo ndipo ninapowaona hata wale nyuki wadogo wasiouma. Kwa ajili ya chozi, panda ejjirikiti kwenye kona, kwani maua yake mekundu hutokea wakati wa kiangazi, mti ukiwa umepukutisha majani na maua mengine yakiwa haba. Mutuba ni mti mzuri na ndege hushiba matunda yake, lakini kiwanja chako hakiutoshi.

Mzee wa Kayunga: Mama Nakato amesema vyema, lakini pasheni ina jambo lake. Ile ya manjano haijichavushi. Inahitaji chavua, ule unga wa maua, ya mche mwingine, na anayeibeba vizuri ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao kavu. Je, ulipong'oa ua uliondoa pia magogo na nguzo za zamani? Kama uliyachoma, uliichoma nyumba yake. Laza gogo kavu, lisilopakwa dawa, mahali pasipolowa mvua. Tena maua ya pasheni hiyo hufunguka karibu na saa sita mchana, kwa hiyo anayepuliza dawa ya wadudu alasiri huwaua wageni wakiwa mezani. Kwa sasa chavusha kwa mkono mchana huo, ukitoa chavua ya mche mmoja na kuipeleka kwenye mwingine.

Mkulima wa Mukono: Asante sana, mzee, magogo niliyachoma kweli. Na kifabakazi je? Jirani amenipa mche.

Mama Nakato: Ni mti wa kwetu na chozi huupenda, lakini huko Brazili, ambako ni mgeni, nyuki wasiouma wameonekana wakifa ndani ya maua yake. Mimi ningechagua musambya, ambao una maua ya manjano na baadaye utakupa nguzo.

Mkulima wa Mukono: Basi mche wa jirani nitaupeleka shambani kwa kaka yangu. Mululuza nitauchomeka upande wa barabara, na gogo nimeshaliomba kwa fundi seremala.